Pikipiki Inavuja Oili? Usikimbilie Kufungua Injini

Muhula uliopita kila asubuhi nilikuwa nakuta doa jeusi chini ya pikipiki yangu nje ya hosteli. Doa dogo tu, kama sarafu. Pikipiki yenyewe mtumba, cc 125, niliinunua kwa kuunga hela ya likizo na bumu. Fundi wa kwanza aliinama, akatazama sekunde kumi, akasema: "Dogo, hii injini inafunguliwa. Andaa laki na themanini." Bumu lilikuwa limeshakatika kitambo. Nikaanza kujifunza kwa lazima, na nilichojifunza nakuletea hapa, maana najua wenye madoa kama langu tuko wengi.

Kwanza, hatari iko wapi?

Injini nyingi za cc 125 hadi 150 zinabeba oili kama lita moja tu. Ikipungua sana bila wewe kujua, vyuma vinasagana, pistoni inakamata, na hapo kweli injini itafunguliwa. Halafu oili ikifika kwenye tairi la nyuma au breki, kona moja tu inatosha kukulaza chini. Kwa hiyo kabla ya yote pima kiwango: pikipiki isimame wima mahali tambarare, injini iwe imezimwa dakika chache, ndipo usome kijiti. Kama oili iko chini ya alama, ongeza kwanza. Kama tairi limelowa, usiendeshe.

Unapoiona sipo inapotokea

Hili ndilo somo lenyewe. Oili inateremka, na ukiwa barabarani upepo unaisukuma nyuma. Ikivuja juu kwenye kifuniko cha vavu, inapita kwenye mapezi ya silinda, inazunguka bloku, inakuja kudondokea kwenye bolti ya chini. Wewe utakaza bolti ya chini mpaka uikate, na doa litabaki palepale.

Pia hakikisha ni oili ya injini. Weka boksi safi chini ya pikipiki usiku kucha. Ikinuka petroli, angalia kabureta na mpira wake. Ikiwa nzito, inanata na ina mchanga, huenda ni mafuta ya mnyororo yanayorushwa na sproketi ya mbele. Ikiwa iko kwenye miguu ya mbele, hiyo ni ya shokapu.

Safisha, paka poda, subiri

Injini ikiwa imepoa kabisa, isugue kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kisha ifute mpaka ikauke. Usitumie petroli, inashika moto haraka mno. Kisha pakaa poda ya mtoto juu ya sehemu unazozishuku. Washa injini dakika kumi, nje, siyo ndani ya chumba, maana moshi unaua. Zima, chukua tochi ya simu, anza kutazama juu ukishuka chini. Pale juu kabisa ambapo poda imelowa, ndipo penye tatizo.

Mimi juu kote kulikuwa kukavu. Bolti ya kumwagia oili kavu. Mstari mweusi ulikuwa unatoka nyuma ya sproketi ya mbele: sili ya shafti imechoka.

Sehemu zinazovuja mara nyingi

1. *Bolti ya kumwagia oili.* Mara nyingi ni washa yake. Weka mpya kila unapobadilisha oili. Usikaze kwa nguvu zako zote, kwa sababu bloku ni alumini na nyuzi zake zinakatika.

2. *Kifuniko cha vavu au cha kliachi.* Hapo ni gasketi. Futa uso wote bila kuukwaruza, weka mpya, kaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo. Usijaze silikoni. Ile inayobanwa ndani inaweza kumeguka na kuziba njia ya oili.

3. *Mpira wa kupumulia injini.* Ukiziba, au ukijaza oili kupita alama, presha inapanda na oili inatafuta pa kutokea popote. Kagua hili kabla hujanunua kitu chochote.

4. *Sili za shafti,* ya sproketi na ya pedali ya gia.

Kubadilisha sili

Mwaga oili. Toa kifuniko, mnyororo na sproketi. Chokonoa sili ya zamani taratibu bila kukwaruza shafti. Usitupe: juu yake kuna namba tatu, yaani upana wa tundu, upana wa nje na unene, vyote kwa milimita. Nenda nayo dukani. Sili mpya ipake oili mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, kisha igonge sawasawa kwa kutumia kipande cha bomba kinachoenea ukingo wake. Rudisha vitu, jaza oili, rudia zoezi la poda.

Kabla ya kufunga, tikisa shafti. Ikicheza juu na chini, beringi imekwisha, na sili mpya itavuja tena. Hapo simama, nenda kwa fundi. Vilevile kuna injini ambazo sili hiyo inaingizwa kutokea ndani, kwa hizo lazima bloku ifunguliwe. Na ulize kwa nini sili iliharibika: mnyororo wangu ulikuwa umekazwa kama waya wa gitaa, unavuta shafti muda wote. Uache ucheze kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Sili ilinigharimu shilingi 4,000 na Jumamosi moja. Oili ya zamani niliipeleka gereji kwenye dumu, siyo kwenye mtaro wa hosteli, maji yale yanaishia kwa watu.

Sisemi mafundi hawafai. Wapo wazuri, na siku beringi ikifa utawahitaji. Ila ukifika, usimwambie tu "inavuja oili". Mwambie inavujia wapi, na mwoneshe. Bei itakayotajwa itakuwa nyingine.