Mizania ya Mchezo katika Vitabu vya Nyongeza: Mfano wa Dungeons & Dragons

Utangulizi

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kila mchezaji hubeba uhusika mmoja, msimamizi husimulia ulimwengu wao, nazo kanuni na dadu huamua nani afaulu. Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974. Mwaka uliofuata, kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk kiliongeza aina mpya ya mhusika: mwizi. Tangu hapo, kila nyongeza huzua swali moja: je, inahifadhi mizania ya mchezo au inaivunja?

Dhana ya Mizania

Mizania si kulingana nguvu. Mpiganaji na kasisi wameumbwa tofauti kwa makusudi. Mizania ni kila mchezaji kuwa na kazi ambayo mwenzake hawezi kumpokonya. Kwa hiyo, kanuni mpya hupimwa kwa maswali mawili: mhusika analipa nini ili aipate? Na je, akishaipata, nani anabaki bila kazi?

Mfano wa Kasisi

Toleo la 2003 linampa kasisi dua iitwayo Divine Power, ya ngazi ya 4. Dua hii humpa shabaha ya mpiganaji wa kiwango chake na kumwongezea nguvu za mwili. Gharama yake ni muda: kasisi wa kiwango cha 7 huifaidi kwa raundi 7 za sekunde 6, yaani sekunde 42 tu.

Mwaka wa 2004 vilitoka vitabu vitatu. Complete Arcane kilileta kipawa cha kudumisha dua kwa saa 24, kwa sharti kwamba dua ipandishwe ngazi 6. Sharti hilo ni zito: 4 na 6 ni 10, ilhali ngazi za kawaida hukomea 9. Complete Divine kikaruhusu gharama hiyo ilipwe kwa nafasi za kufukuza mizuka. Hapa zinahitajika 7. Kasisi mwenye haiba ya 14 ana nafasi 5 kwa siku, hivyo bado hafiki. Libris Mortis ndicho kilichofungua mlango, kwa fimbo inayoongeza nafasi 4. Jumla ikawa 9.

Matokeo ni kwamba kasisi hupigana siku nzima kama mpiganaji, na bado ana dua zake nyingine. Mpiganaji aliyeketi naye mezani hugeuka mtazamaji.

Funzo la Mfano

Kila kitabu, kikisomwa peke yake, kina kinga yake. Kosa limo katika mwingilianomatini. Mhakiki anayekisoma kitabu kimoja pekee ataridhika, kwa kuwa ubao mmoja haumwonyeshi mtu jahazi zima. Ndiyo maana ligi rasmi ya toleo la tano, lililotoka 2014, kwa miaka kadhaa ilimruhusu mchezaji kutumia kitabu cha msingi na kimoja tu cha nyongeza.

Hitimisho

Kutathmini nyongeza ni kuisoma pamoja na zilizoitangulia, kwa kutafuta mahali ambapo gharama iliyowekwa na kitabu kimoja inafutwa na kingine. Msimamizi anayeyafanya hayo kabla ya mchezo kuanza hamnyimi kasisi haki yake. Anamhifadhia mpiganaji nafasi yake mezani.