Lugha moja, maana mbili

Katika vijiji vya Mkoa wa Pwani, kama Kurui wilayani Kisarawe, mhudumu wa zahanati na mgonjwa wote huzungumza Kiswahili. Hata hivyo, wanaweza wasielewane.

Chukua neno degedege. Kwa mhudumu, mtoto mwenye homa anayekakamaa na kugeuza macho huenda ana malaria kali. Lakini utafiti wa Bagamoyo, mkoa huo huo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa wazazi wengi waliona degedege ni kazi ya shetani, wakaanzia kwa mganga wa kienyeji. Mzazi wa namna hiyo akifundishwa kuhusu malaria, hajui kwamba degedege nayo imo.

Hata saa huchanganya. Dozi ya pili ya dawa ya mseto hutolewa baada ya saa 8. Mtoto aliyeanza saa 2 asubuhi apewe tena saa 10 jioni. Mama aliyesikia "saa nane" tu atampa saa 8 mchana, mapema mno.

Mhudumu afanye nini?

- Uliza: "Mama, nyumbani ugonjwa huu mnauitaje?" Kisha tumia neno lake.
- Usimcheke wala kumkaripia. Aliyeaibishwa hatauliza tena.
- Taja saa yenyewe: "Leo saa kumi jioni."
- Mwombe aeleze: "Ukifika nyumbani utampaje dawa?"

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani ya ugonjwa yana maana mbili kijijini kwenu?
2. Nani huogopa kuuliza zahanati, na kwa nini?