SOMO LA UFUNDI: KUWEKA MIPIRA MIPYA YA MILANGO NA VIOO KATIKA GARI LA ZAMANI

Katika somo hili tunazungumza na wenzetu wa gereji, wawe wa kiwandani, wa shambani au wanaojipatia riziki kwa kutengeneza magari baada ya zamu. Magari ya zamani yanafufuliwa kila mahali. Tutachukua mfano wa Peugeot 404, gari lililotolewa mwaka 1960 na kutengenezwa Sochaux, Ufaransa, mpaka mwaka 1975. Wazee wanalikumbuka vizuri, maana lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Mwenye gari kama hilo hulipia injini, rangi na viti bila kunung'unika. Mipira ya milango, ya buti na ya vioo huachwa mwisho, na mara nyingi hupewa kijana anayejifunza kazi, aimalize jioni ile ile. Hapo ndipo hasara huanzia.

Kwa nini tumechagua somo hili

Mwenzetu mmoja alipewa gari lililotoka kupakwa rangi, akaambiwa aweke mipira mipya. Alipoiweka, milango haikufungika. Msimamizi akamwamuru aipunguze kwa kisu. Akatii. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalijaa sakafuni, gari likarudishwa, na ikasemwa kwamba gharama itakatwa katika mshahara wake.

Kilichomwokoa ni kipande cha mpira wa zamani alichokuwa amekihifadhi ndani ya sanduku lake la spana. Tulikata mpira mpya kwa mkingamo, tukauweka kando ya ule wa zamani mbele ya msimamizi. Kila mtu aliona kwamba ule mpya ulikuwa mnene kuliko wa asili. Kosa lilikuwa la aliyeagiza na la aliyeamuru ukatwe. Mshahara haukuguswa. Basi shikeni jambo hili kwanza: mpira wa zamani hautupwi mpaka gari limepokelewa na mwenyewe. Huo ni kipimo chako, na pia ni shahidi wako.

Mpira unafanya kazi gani

Mpira huzuia maji, vumbi na kelele. Maji yakipita, hukaa chini ya zulia, na bati huoza kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Lakini iko kazi kubwa zaidi. Gari linapokwenda, hewa huzunguka nyuma yake na kurudisha moshi wa ekzosi kwenye buti. Mpira wa buti ukiwa na pengo, moshi huo huingia ndani. Katika moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huishika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dereva huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husinzia, na anaweza kufa. Kwa hiyo fundi wa mipira ameshika uhai wa watu sawasawa na fundi wa breki.

Mpira mpya umetokana na nini

Wenzetu wa mashamba wanajua utomvu unaogemwa katika mti wa mpira. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba utomvu huo ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hupata nguvu, haunati kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Hata hivyo mpira wa mti una adui wawili: jua, na hewa iitwayo ozoni. Hivyo viwili huupasua polepole. Ndiyo maana mipira ya 404 nyingi imekuwa migumu kama ukuni.

Mipira mingi ya kunakiliwa inayouzwa leo imetengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, na jina lake la kiwandani ni EPDM. Hustahimili jua na ozoni vizuri sana. Lakini haipatani na petroli, oili wala grisi, kwani huvimba na kulegea. Usiifute kwa petroli, usiipake grisi. Tumia maji ya sabuni, gliserini au mafuta ya silikoni.

Kumbuka tena kwamba mpira wa kunakiliwa ni nakala tu. Kiwanda kilichoutoa pengine kilipima kipande kilichochakaa. Urefu unaweza kuwa sawa, umbo likawa jingine. Mpira wa mlango huwa laini wenye matundu kama sifongo ili ubonyee. Mpira wa kioo huwa mzito na mgumu. Ukiletewa mpira mzito kwa ajili ya mlango, urudishe kabla hujaukata.

Kabla ya kubandika

1. Funga mlango bila mpira. Tazama nafasi kati ya mlango na bodi, juu, chini na pembeni. Kama haiko sawa, rekebisha bawaba kwanza. Mpira hauwezi kunyoosha mlango uliopinda.

2. Ondoa gundi ya zamani na kutu yote. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ngoja rangi ikauke kabisa, si juu juu tu.

3. Futa mpira mpya kwa spiriti kidogo. Hutoka kiwandani ukiwa na utelezi unaozuia gundi kushika.

4. Weka mpira mahali pake bila gundi, ukiushikilia kwa vipande vya utepe wa karatasi. Funga mlango. Hili ndilo jaribio ambalo mwenzetu hakupewa nafasi ya kulifanya.

Mlango ukigoma kidogo, usikate kitu. Sogeza kidogo chuma cha kupokelea kitasa, kisha uache mlango umefungwa siku mbili tatu. Mpira wa sifongo hulala wenyewe. Ukigoma kabisa, linganisha mkato wa mpira na kile kipande cha zamani.

Kubandika

Iko mipira yenye chuma ndani, ambayo hubanwa tu kwenye ukingo wa bati. Mingine hutaka gundi. Kwa ile ya gundi, paka pande zote mbili, ngoja mpaka isinate kidoleni, ndipo ubonyeze. Fanya kipande kwa kipande, usipake mlango mzima kwa mara moja.

Anzia kwenye kona, kisha ujaze sehemu zilizonyooka. Usivute mpira hata kidogo. Mpira uliovutwa hurudi urefu wake baada ya siku chache na kuacha pengo, na ukivutwa kwenye kona huwa mwembamba mahali maji yanapopenda kupita. Kata ukiacha ziada ya milimita 5 hivi, usukume ncha zikutane. Kiungo kiwe chini, si juu. Angalia pia usizibe matundu ya kutolea maji chini ya mlango, maana mlango uliozibwa huoza.

Kioo cha mbele

Hii ni kazi ya watu wawili. Valisha kioo mpira wake, kisha pitisha kamba nyembamba yenye nguvu katika mfereji unaokaa kwenye bati, ncha zipishane chini katikati na zielekee ndani ya gari. Paka maji ya sabuni. Mmoja asimame nje akisukuma kwa viganja. Mwingine aketi ndani avute kamba polepole, ili mdomo wa mpira uruke ukingo wa bati. Vaeni glavu na miwani. Kioo kikikataa, simameni mtafute sababu. Kioo hakipigwi ngumi.

Kupima kazi

Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha uvute. Karatasi ishikwe kwa nguvu ile ile kuzunguka mlango mzima. Pima buti vivyo hivyo. Baada ya gundi kukauka, mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani, akianzia chini na kupanda juu. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi.

Afya yetu na haki yetu

Gundi nyingi za kazi hii zina viyeyusho kama toluini. Mvuke wake hulevya, huumiza kichwa na hushika moto upesi. Usibandike ukiwa umejifungia ndani ya gari, na pasiwe na sigara wala cheche karibu. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa thina. Glavu na hewa safi ni sehemu ya vifaa vya kazi kama spana zilivyo, na mwakilishi wa chama azidai.

Kuhusu wakati, jaribio la siku mbili tatu lihesabiwe tangu mwanzo katika muda wa kazi. Ukiamriwa kukata mpira usiofaa, sema wazi mbele ya mwenzako kwamba haufai, na uandike tarehe katika daftari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini mpira wa buti wenye pengo ni hatari kuliko unaovujisha maji tu?
2. Mlango haufungiki baada ya kuweka mpira mpya. Taja mambo matatu ya kuangalia kabla ya kushika kisu.
3. Katika gereji yenu, mipira ya zamani hupelekwa wapi? Nani anapaswa kuihifadhi, na mpaka lini?
4. Je, mnazo glavu za kutosha? Kama hamnazo, ombi lilipelekwa kwa nani na lilijibiwaje?