Kwihara: Waliokataa Kuutua Mzigo



Kijana mwenzangu, ukifika Tabora usiishie stesheni na sokoni. Chukua bodaboda mpaka Kwihara, kilometa chache nje ya mji. Utaona tembe jekundu lenye mlango wa nakshi kama ile ya Pwani. Dk. David Livingstone aliishi hapa mwaka 1872. Nyumba ilijengwa upya na sasa ni makumbusho. Vitu vya ndani si vingi: ramani, picha, nakala za maandishi. Nusu saa umemaliza, lakini usikimbilie kutoka.

Wengi huja kumtafuta Livingstone. Mimi nakuomba uwatafute Susi, Chuma na Jacob Wainwright.

Livingstone alisubiri wapagazi hapa hadi Agosti 1872, safari ikaendelea. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba kuelekea Pwani.

Oktoba wakafika hapa Unyanyembe. Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike hapahapa. Ushauri haukuwa wa kijinga: walikuwa wamechoka, na Pwani bado ilikuwa mbali. Wakakataa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, mwili ukapumzishwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wengi wao walipewa ujira wao tu, wakaenda zao.

Fikiria pia hili: njia hiihii ilipitisha watumwa. Chuma mwenyewe alikombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861, akiwa bado kijana mdogo. Katika njia ambayo wengine walibebeshwa mizigo kwa minyororo, yeye alibeba kwa hiari.

Tujifunze nini?

Kanisa linatufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo mojawapo kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Soma Tobiti 2:1-8. Tobiti aliacha chakula mezani akaenda kumsitiri marehemu, na majirani wakamcheka. Huruma ya namna hii hailipwi, maana marehemu hawezi kukushukuru.

Labda wewe unamuuguza bibi, na ndugu wengine hawapigi hata simu. Labda unamlea mdogo wako baada ya mama kufariki. Halafu anakuja mtu mwenye nia njema kabisa, anakwambia, "Si umeshafanya vya kutosha? Tua hapo." Kuomba msaada si dhambi, hata Susi na Chuma hawakubeba peke yao. Ila kuna mzigo ambao moyoni unajua kabisa Mungu anakutaka uufikishe.

Jiulize

1. Nimeacha njiani mzigo gani wa upendo?
2. Nani ananibeba mimi, na sijawahi kumshukuru?

Wiki hii: tembelea kaburi moja la ndugu yako. Palilia, kisha sali.

Tusali: Ee Yesu, Yusufu wa Arimathaya aliushusha mwili wako msalabani. Utupe mikono yenye huruma na miguu isiyokata tamaa. Amina.