SOMO: Mapovu Chini ya Barafu

Ndugu wanakikundi, wenye mtambo wa bayogesi mnajua: samadi ikioza pasipo hewa hutoa methani, gesi inayowaka. Basi kule Siberia, Urusi, maziwa (ya maji, si ya ng'ombe!) hufanya vivyo hivyo. Ardhi iliyoganda tangu kale inayeyuka, mabaki ya mimea yanazama na kuoza. Katey Walter, akisomea uzamifu Alaska, aliyatega mapovu kwa plastiki mfano wa mwavuli. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitangaza kwamba methani ya maziwa yale ni kama mara 5 ya ilivyodhaniwa. Nayo hushika joto kupita hewa ya ukaa, hivyo ardhi inazidi kuyeyuka.

Tujadili kikaoni: mpira wa mtambo wetu ukivuja, gesi ile huenda wapi?