Mesaji inaporudi kuwa SMS, toni zinakwenda wapi?

Mwaka huu, nikikusanya data za kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya toni za Kilingala, nilikaribia kuandika jambo lisilo la kweli. Mimi nilikuwa Lubumbashi, na mama aliyekubali kuwa msemaji wangu alikuwa Mbandaka. Pesa ya safari haikuwepo, kwa hiyo tulifanya kazi kwa simu: mimi ninamwandikia jozi za maneno, yeye ananirudishia maana ya kila neno.

Siku ya Jumatatu nilimtumia jozi mbili ambazo kila mmoja wetu amekutana nazo darasani: moto na motó, kokoma na kokóma. Alijibu bila shida: mtu, kichwa, kuandika, kufika. Alhamisi nilimtumia tena jozi zilezile, safari hii zikiwa zimechanganywa na nyingine, ili nione kama majibu yatabaki yaleyale. Alijibu: mtu, mtu, kuandika, kuandika.

Mwanafunzi wa isimu akipata jibu la namna hiyo, moyo unamdunda. Nilijiambia kwamba nimegundua jambo: labda msomaji wa Kilingala hazitazami alama za toni, hata akiandikiwa. Niliandika aya nzima juu ya ugunduzi huo. Jumapili nilimpigia Mama simu kumshukuru, naye akaniuliza: "Mwanangu, mbona siku ile uliniandikia kila neno mara mbili?" Nilimwomba anisomee mesaji yenyewe, herufi kwa herufi. Alama za toni hazikuwemo. Mesaji iliondoka kwangu na alama, ikafika kwake bila alama.

Aya ile niliifuta. Makala hii inaeleza kilichotokea, namna ya kukitambua mapema, na la kufanya pale ambapo hakuna njia nyingine.

1. Njia mbili ndani ya programu moja

Programu ya mesaji iliyomo katika simu za kisasa inatumia njia mbili. Ya kwanza inapita kwenye intaneti na inakula mega. Kwenye simu nyingi za Android njia hiyo inaitwa RCS. Kwenye iPhone kuna iMessage, na tangu mwaka 2024, kwa toleo la iOS 18, iPhone nayo inaweza kutumia RCS pale rezo inapoikubali. Njia ya pili ni SMS, ile tuliyoizoea tangu zamani. Haihitaji mega, inakula unite za simu.

Ikiwa njia ya kwanza imefungwa, programu inaweza kuituma mesaji kwa njia ya pili. Hapo ndipo tunasema mesaji imerudi kuwa SMS. Mara nyingi jambo hilo linafanyika kimyakimya: mwandishi anaona mesaji imeondoka, anatulia.

WhatsApp haifanyi hivyo. Mega zikiisha, mesaji ya WhatsApp inabaki mahali pake mpaka intaneti irudi. Mama wa Mbandaka alikuwa ameifuta WhatsApp kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa, na ndiyo maana tulibaki na programu ya mesaji ya kawaida. Jumatatu alikuwa na mega, na mesaji yangu ilipita kwenye intaneti. Alhamisi hakuwa nazo. Chombo changu cha kupimia kilikuwa kimebadilika katikati ya kazi, nami sikujua.

2. Alfabeti iliyofichwa ndani ya SMS

SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Utaratibu wake ulikuwa umeandaliwa Ulaya katika miaka ya 1980, na nafasi iliyotengwa kwa mesaji moja ni ndogo: baiti 140, yaani biti 1120. Ili maandishi yaenee humo, wahandisi walichagua alfabeti fupi ambayo kila herufi yake inachukua biti 7. Gawanya 1120 kwa 7, unapata 160. Ndiyo asili ya kipimo cha herufi 160.

Alfabeti hiyo ina herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu, alama za uandishi, herufi kubwa kadhaa za Kigiriki, na herufi chache zenye alama kwa ajili ya lugha za Ulaya. Tuitazame kwa jicho la mtu wa toni. Herufi ndogo zilizomo ni à, è, ì, ò na ù. Kwa alama ya upande wa pili, imo é peke yake. Herufi á, í, ó na ú hazimo. Kwa maneno mengine, anayeandika toni ya chini kwa irabu tano atapita bila kizuizi, lakini anayeandika toni ya juu, kama tunavyofanya wengi katika Kilingala, atapita kwa irabu moja tu. Alama za toni panda na toni shuka, kama ǎ na â, hazimo. Herufi ɛ, ɔ na ŋ hazimo.

Hata Kifaransa chetu cha kila siku hakienei: ê ya «même» haimo, na ç ndogo ya «ça» haimo, ingawa Ç kubwa imo.

Mwandishi akitia herufi moja isiyomo, simu ina njia mbili. Inaweza kuhamisha mesaji nzima kwenye mfumo mwingine, ambao kila alama inachukua biti 16. Gawanya 1120 kwa 16, unapata 70. Toni zitafika salama, lakini nafasi imepungua kuliko nusu. Mesaji ikizidi kipimo, inakatwa vipande, na kila kipande kinapoteza nafasi kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha: vinabaki herufi 153 kwa kipande katika mfumo wa kwanza, na 67 katika mfumo wa pili. Kwa kawaida kila kipande kinalipiwa kama mesaji kamili.

Njia nyingine ni kuondoa alama. Kwenye simu kadhaa za Android kuna chaguo la kugeuza herufi maalumu ziwe herufi rahisi. Ukiliwasha, ó inakuwa o, na mesaji inabaki fupi na rahisi kulipia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliwasha miezi mingi nyuma ili kuokoa unite, kisha nikasahau. Jumatatu halikuonekana kwa sababu chaguo hilo linagusa SMS tu. Alhamisi lilifanya kazi niliyoliamuru.

Baadaye wahandisi waliongeza majedwali ya lugha mahususi, yanayoruhusu herufi zaidi bila kuhamia mfumo wa biti 16. Yapo ya Kituruki, Kihispania, Kireno na lugha kadhaa za Uhindi. Kwa lugha zetu hakuna.

3. Kiswahili nacho kina mtego wake

Mtu wa Kiswahili anaweza kusema: hayo hayanihusu, tahajia yangu haina alama juu ya irabu. Ni kweli, isipokuwa mahali pamoja: ng'. Kijialama kinachofuata ng kinaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kilichonyooka (') kimo katika alfabeti ya SMS. Kilichopinda (’) hakimo. Programu za kuandikia kama Word hupenda kukipinda zenyewe. Ukinakili sentensi kutoka Word na kuibandika kwenye mesaji, neno ng’ombe moja linatosha kuihamisha mesaji nzima kwenye mfumo wa biti 16. Mesaji ya herufi 150, ambayo ingekuwa SMS moja, inakuwa vipande vitatu. Macho hayaoni tofauti kubwa, lakini unite zinaiona.

4. Kutafuta kosa, hatua kwa hatua

Mesaji zako zikianza kuondoka kama SMS, usibadilishe kila kitu kwa mara moja. Fuata mpangilio, kama tunavyofundishwa kupima kigezo kimoja baada ya kingine.

Kwanza, tambua njia iliyotumika. Kwenye iPhone, SMS ina rangi ya kijani, na iMessage ina rangi ya buluu. Kwenye Android, tazama sehemu ya kuandikia kabla ya kutuma: kwa kawaida inakuambia kama ni mesaji ya RCS au SMS.

Pili, anza na simu yako. Je, mega zipo? Je, intaneti imewashwa? Fungua ukurasa wowote ili uhakikishe. Simu inaweza kuonyesha alama ya rezo na bado intaneti isipite.

Tatu, ingia katika mipangilio ya programu ya mesaji na utafute sehemu yenye neno RCS. Pale utaona kama huduma imeunganishwa au bado inahakiki namba yako. Ikiwa imekwama, izime, subiri kidogo, iwashe tena. Kwa wenye kadi mbili, angalia huduma imeandikishwa kwa namba ipi na SMS zinatoka kwa kadi ipi. Unaweza kuwa umenunua mega kwenye kadi moja, huku SMS zinakula unite za kadi nyingine.

Nne, mfikirie mpokeaji. Ikiwa unaongea vizuri na watu wengine wote, na ni mtu mmoja tu anayepokea SMS, huenda huduma imezimwa upande wake, au simu yake haina intaneti, au amebadilisha simu. Aliyehama kutoka iPhone kwenda Android anatakiwa kuondoa namba yake katika iMessage, la sivyo mesaji za wenye iPhone zinaweza kumkosa.

Tano, tafuta chaguo linaloruhusu programu kutuma SMS yenyewe pale intaneti inaposhindikana. Kwa kazi ya data, lizime. Ni afadhali mesaji ichelewe kuliko ifike imebadilika. Katika mipangilio ya programu, tafuta chaguo la herufi rahisi na ulizime pia.

5. Pale ambapo SMS ndiyo njia pekee

Wasemaji wengi tunaowahitaji wanaishi mahali ambapo intaneti ni ya bahati. Hatuwezi kuwaacha kwa sababu hiyo. Mimi sasa natumia maandishi ambayo SMS haiwezi kuyaharibu: neno bila alama, kisha herufi za toni kwa kila silabi, J kwa juu na C kwa chini. Irabu zilizo wazi naziandika kwa herufi kubwa. Kwa hiyo moto, mtu, ni «moto CC». Motó, kichwa, ni «moto CJ». Na mɔ́tɔ, moto wa kuwaka, ni «mOtO JC». Msemaji anahitaji maelezo ya dakika chache kwa sauti, halafu mnaendelea.

Mambo mengine mawili nimeyaongeza. Katika daftari la data, pembeni ya kila jibu, naandika njia iliyotumika: sauti, intaneti au SMS. Na katika kila kundi la maneno natia neno moja la kupimia lenye alama, nikimwomba msemaji anisomee kwa simu kile anachokiona. Likifika zima, na mengine yamefika.

Kuna pia suala la heshima kwa msemaji. SMS haifungwi kwa ufunguo kati ya watu wawili kama zinavyofungwa iMessage na WhatsApp. Anachokuandikia mtu juu ya familia yake au kijiji chake kisitegemee njia ambayo hamkuichagua pamoja.

6. Zoezi

Sema ni maandishi yapi yatabaki katika alfabeti ya biti 7: (a) Ng'ombe wamefika, kwa kijialama kilichonyooka, (b) Ng’ombe wamefika, kwa kilichopinda, (c) Même prix, (d) mòtò, (e) mɔ́tɔ.

Jibu: (a) na (d) tu. Katika (e), hesabu vizuri: macho yanaona herufi nne, lakini simu inahesabu tano, kwa sababu ɔ yenye toni ya juu haina umbo moja lililo tayari, inaandikwa kama ɔ ikifuatwa na alama yake.

Darasani tunajadili kama tahajia ya lugha zetu iandike toni au isiandike. Tunataja msomaji, shule na gharama ya uchapishaji. Naomba tuongeze simu kwenye orodha hiyo, maana ndiko watu wanakoandika lugha zetu kila siku. Mtu akiandika motó na kifaa kikapeleka moto, tusiharakishe kusema kwamba wasemaji wameacha toni. Tuulize kwanza mesaji ilipita wapi. Mimi niliuliza kwa kuchelewa, na kama Mama asingeshangaa siku ile ya Jumapili, ile aya ingekuwa imechapwa.