Jina na kiumbe: tutafsiri vipi "labbe à longue queue"?

Wengi wetu tunapokutana na jina la mnyama katika kitabu cha Kifaransa, tunalitafsiri neno kwa neno. Nataka kuonyesha hatari ya njia hiyo kwa mfano mmoja: ndege wa baharini aitwaye kwa Kifaransa labbe à longue queue, na kwa jina la kisayansi Stercorarius longicaudus.

Ndege huyu huzaa kwenye tundra ya Aktiki, ambako hula hasa lemingi, aina ya panya wadogo. Kisha huhamia bahari za kusini, akipita mbali na pwani. Ndiyo maana ni wachache wanaomwona.

Tuanze na Stercorarius. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mavi. Ndege wa jamii hii hufukuza ndege wengine mpaka watapike samaki waliowameza. Watazamaji wa zamani walidhani kinachoanguka ni mavi, na kosa lao limebaki ndani ya jina.

Longicaudus maana yake ni mwenye mkia mrefu. Ni kweli, lakini kwa ndege mzima majira ya kuzaa: manyoya mawili ya katikati hupita mengine kwa zaidi ya sentimeta 10. Ndege wa mwaka wa kwanza hana mkia huo, na baharini hufanana sana na nduguye, Stercorarius parasiticus. Wajuzi hutazama wembamba wa mwili, pia vijiti vyeupe vya manyoya juu ya bawa: huyu kwa kawaida ana viwili tu, nduguye ana zaidi.

Basi tuchague nini? Kutafsiri Stercorarius ni kurithi kosa. Kusema "ndege mkia-mrefu" hakutoshi, kwa kuwa ndege wenye mikia mirefu ni wengi. Mimi napendekeza kukopa. Kiingereza kilikopa skua kutoka lugha ya visiwa vya Faroe, Kifaransa kikakopa labbe kutoka Kiswidi. Kwa nini Kiswahili kione haya?

Kwenye kamusi ningeandika hivi: skua mkia-mrefu, nm. ndege wa baharini azaliaye Aktiki na kuhamia kusini. Mkia wake huwa mrefu akiwa mzima, majira ya kuzaa.

Jina hutaja alama moja. Fafanuzi ndiyo isemayo alama hiyo huonekana lini.